Chiriku Aliponyamaza

Kwa miaka kumi na saba Mama Dobi alifua mashuka ya hospitali, na kwa miaka yote hiyo aliwajua wagonjwa bila kuwaona sura. Aliwajua kwa mashuka yao. Ya wodi ya wazazi yalikuja mazito, yakinuka maziwa na damu. Ya watoto yalikuwa na makombo ya biskuti kwenye mikunjo. Ya wodi ya sita, ile ya wagonjwa wa akili kule mwisho wa korido, yalikuwa masafi kuliko yote, ila pindo zake zilikuwa zimefumuliwa, kwa sababu wagonjwa wa kule walikuwa na vidole visivyotulia, wakichomoa uzi mmoja baada ya mwingine mchana kutwa. Mama Dobi aliyatenga pembeni yakashonwe upya. Hakuwahi kujiuliza zaidi ya hapo. Kazi yake ilikuwa sabuni, maji ya moto na pasi.

"Wewe siku ukifa," alipenda kumtania Mzee Mvuke, fundi wa boila la kuchemshia maji, "wakikufunika tu utaamka useme: jamani, hili si langu, hili la wodi ya tatu."

Nyumbani alikuwa na mume dereva wa malori ya masafa marefu, aliyekaa barabarani wiki tatu na nyumbani siku nne. Watoto wawili wakubwa walishaondoka, kila mmoja na maisha yake. Aliyebaki alikuwa kitindamimba, binti wa miaka ishirini, na huyo ndiye waliyemwita Chiriku.

Alianza kusema kabla ya kutembea, na tangu siku hiyo hakupumzika. Akitumwa chumvi alirudi na chumvi na habari za mtaa mzima: nani kapaka ukuta rangi, paka wa nani kazaa, mwenye duka kagombana na nani na kati yao mwenye makosa ni yupi. Mwalimu wake wa darasa la nne alimhamisha kiti mara tano, mwishowe akakata tamaa akaandika kwenye ripoti: "Mtoto huyu ukimkalisha na ukuta, ataongea na ukuta." Baba yake alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu kameza redio," alisema, na ripoti ile akaizungushia kila ndugu aliyefika pale nyumbani.

Alipomaliza sekondari Chiriku aliomba chuo cha ualimu. Alisema anataka kazi ambayo watu wamekatazwa kutoka wakati yeye anaongea.

Alikuwa mwaka wa pili korona ilipoingia. Vyuo vikafungwa ndani ya siku mbili tu. Chiriku akashuka nyumbani na sanduku lake na godoro lililofungwa kamba, akaingia akisimulia tangu mlangoni: jinsi mkuu wa chuo alivyotangaza habari kwa kipaza sauti kibovu, jinsi walivyosikia "virusi" wakadhani kasema "virukaji", jinsi mwenzake mmoja alivyolia kwa sababu alikuwa ndiyo kwanza kapata mchumba. Mama yake alimsikiliza akiwa amesimama mbali, upande wa pili wa ua.

Maana kule kazini mambo yalikuwa yamebadilika. Mashuka yalianza kuja kwenye mifuko myekundu iliyofungwa fundo mara mbili. Walipewa aproni ndefu, glovu zinazofika kwenye viwiko, na onyo. Muuguzi mmoja alikuwa ameshafariki, na mlinzi wa geti wa zamani alikuwa amelazwa. Kila jioni Mama Dobi alipitia mlango wa nyuma, akavua nguo zote kwenye bafu la nje, akaziloweka, akajisugua kama sufuria lililoungua. Na kila jioni, binti yake alipotokea jikoni akiwa na hadithi mdomoni, alimzuia kwa mkono.

"Usinisogelee, mwanangu. Ngoja kwanza nioge."

Baadaye sana, maneno hayo ndiyo yaliyomkosesha raha kuliko yote. Aliyasema kila siku, kwa nia njema.

Mwezi wa kwanza Chiriku bado alikuwa Chiriku. Mwezi wa pili akaanza kula chumbani. Akatafuta vitambaa akaziba nyufa za dirisha. Akawa ananawa mikono kabla ya kula, baada ya kula, akishika mlango, akiachia mlango, mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Redio ya sebuleni aliizima, na ikiwashwa alitoka kuizima tena. Alisema imezidi kelele. Kisha maneno yake yakaanza kupungua, kama bomba linavyopungua maji kabla ya kukatika: kwanza hadithi, halafu maswali, halafu salamu.

Jirani, mke wa fundi viatu, alimsifia juu ya ukuta. "Wangu hawashikiki, wako barabarani kutwa kucha. Wako ana bahati ya adabu. Anafuata masharti."

"Ni mtoto anayeelewa," Mama Dobi akajibu, na moyoni akaona fahari.

Na kweli, mwaka ule ungemtambuaje mgonjwa? Kila mtu aliogopa pumzi ya mwenzake. Kila mtu alinawa mpaka akachubuka, na aliyejifungia ndani ndiye aliyeitwa mwenye akili. Ugonjwa wa binti ulikuja umevaa nguo zilezile za utii, ukapita mbele ya macho ya watu, wakaupigia makofi.

Jumamosi moja alasiri Mama Dobi alitoka kazini mapema. Alikuwa ameshaoga, yuko jikoni anamenya viazi, aliposikia sauti ya binti yake kutoka chumbani. Ilikuwa sauti ileile ya zamani, ya haraka, inayorukaruka. Alisimama na kisu mkononi akatabasamu peke yake. Wiki tano hakuwa ameisikia. Kumbe yuko kwenye simu na wenzake, alijisemea, afadhali, mtoto karudi. Akasogea mlangoni apate kusikia utamu wa hadithi.

"Nimeshasema siendi," Chiriku alikuwa anasema. "Hapana. Mwambieni yeye. Nyie wanne mkisema kwa pamoja mimi sisikii kitu. Mmoja mmoja basi."

Mama Dobi akasukuma mlango. Chiriku alikuwa ameketi sakafuni, amekabili kona ya ukuta. Simu yake ilikuwa juu ya meza, imefunguliwa yote: betri huku, laini kule, kifuniko kimegeuzwa juu chini.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

Binti akageuka. Akaweka kidole mdomoni. "Polepole, Mama. Wanarekodi."

"Nani wanarekodi?"

Chiriku akamtazama kwa muda mrefu, kwa huruma hasa, kama anayemtazama mtu aliyedanganywa. "Si haohao unaowafanyia kazi?"

Mama Dobi aliurudisha mlango taratibu, kama mgeni aliyefungua chumba kisicho chake. Akarudi jikoni. Akamenya viazi. Alipoangalia chini alikuta amemenya vya kutosha watu wanane.

Alimpigia mumewe, aliyekuwa amekwama mpakani siku ya kumi na nane, kwenye foleni ya malori iliyosubiri vipimo.

"Mama Chiriku, mtoto kakaa ndani miezi mitatu, ulitegemea nini?" mume alisema. "Hata mimi humu naongea na usukani. Jana nimeuamkia shikamoo."

"Baba, hii si ya kucheka. Nimemwona kwa macho yangu."

Sauti ya mume ikawa ngumu. "Mwanangu hana wazimu. Usimpake mtoto jina litakalomganda. Nikirudi nitaongea naye."

Ukweli ni kwamba alifurahi kukatazwa. Alilikamata lile katazo kama mtu anayezama anavyokamata kamba. Mficha maradhi kifo humuumbua, aliijua methali hiyo tangu utotoni, lakini alijua pia watu wa hospitali wanavyoongea. Wakisikia binti wa Mama Dobi ni wa wodi ya sita, habari itafika mochwari kabla ya saa nne. Akanyamaza wiki tatu nzima. Wiki hizo hakuna aliyemlazimisha kunyamaza, si serikali wala ugonjwa. Zilikuwa zake mwenyewe, na hakuwahi kuzikana.

Siku aliyoamua kutafuta msaada, alitafuta mashuka ya wodi ya sita na ndipo akagundua alichokuwa amekiona bila kukiona. Mashuka yenye pindo zilizofumuliwa hayakuwepo tena. Namba sita ilikuwa kwenye mifuko myekundu. Wodi ile ilikuwa imegeuzwa ya wagonjwa wa korona, na wagonjwa wake wa zamani walikuwa wamerudishwa makwao, wenye makwao.

Alimvizia sista wa wodi ile kwenye dirisha la kupokelea nguo chafu. Kwa kuwa wote walikuwa wamefunikwa mpaka machoni, alimtambua kwa sauti: mwanamke mfupi, mwenye sauti nzito kama ya kiongozi wa kwaya.

"Sista, nina mgonjwa. Wa jamaa yangu. Anaongea peke yake."

Sista akaacha kusukuma mifuko. "Ana umri gani?"

"Ishirini."

"Ndiyo mara ya kwanza?"

"Ndiyo."

"Anapiga watu?"

"Hapana."

"Anajidhuru? Anachoma vitu?"

"Hapana, sista. Mpole sana. Hata sauti hapandishi."

Sista akafumba macho kidogo. "Basi atasubiri, mama. Tumeambiwa wapya tupokee wale wa hatari tu. Kliniki imefungwa. Kuna namba, daktari anaongea na wagonjwa kwa simu Jumatatu na Jumatano." Akaiandika kwenye kipande cha boksi la glovu. Alipompa, aliushikilia mkono wa Mama Dobi juu ya glovu. "Huyo ni binti yako, siyo?"

Mama Dobi akaitikia kwa kichwa. Ndipo alipoanza kulia, na machozi yakaingia ndani ya barakoa yakakaa humo, asiweze kuyafuta.

Namba ile ilipokelewa wiki ya pili. Daktari alikuwa na sauti ya mtu aliyechoka ila muungwana. Alisikiliza yote, kisha akasema, "Mpe simu nimsikie mwenyewe."

Kwa Chiriku, simu ndiyo ilikuwa mdomo wa hao wanaomrekodi. Mama Dobi aliposogea nayo mlangoni, binti alipiga ukelele ambao hakuwahi kuupiga tangu azaliwe, akajibana nyuma ya kabati. Daktari aliusikia. "Inatosha, mama," akasema. "Nitamwona ana kwa ana. Tunaruhusiwa watu wanne kwa wiki. Mlete Alhamisi, si hii, wala ijayo, ile ya tatu."

Akasubiri hiyo Alhamisi kama mjamzito anavyohesabu siku. Kumshawishi binti atoke kulihitaji uongo wa nusu: twende ukaone ninapofanya kazi, ukague mwenyewe, kama kuna mashine ya kurekodi unionyeshe. Hilo Chiriku alilikubali. Alivaa gauni lake la chuo, akachana nywele, akatoka nje kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne. Walitembea dakika arobaini. Njia nzima barakoa, barakoa, barakoa. Chiriku alimshika mama yake kwa vidole viwili kwenye mkono wa blauzi, wala hakusema kitu.

Getini palikuwa na mlinzi mpya. Kazi yake ilikuwa kupima joto kila aingiaye, na kipimo chenyewe, kwa aliyekiona, kilikuwa na umbo la bastola ndogo nyeupe.

"Sogea, binti," mlinzi akasema, akakiinua kwenye paji la uso wake.

Chiriku akanyoosha mikono yote miwili juu, kama mtu anayejisalimisha. Akamgeukia mama yake. Hakuwa na hasira. "Mama," alisema, "kumbe umenileta kwao."

Kisha akakimbia.

"Sikujua ni wako, Mama Dobi!" mlinzi alisema, kipimo kikining'inia mkononi.

"Hukukosea, baba. Ni kazi," akajibu, tayari ameshaanza kukimbia na yeye, kandambili moja imebaki getini.

Alimkuta nyumbani, amejifungia chumbani. Nafasi ya Alhamisi ikapita. Nyingine ikatolewa ya wiki sita mbele, na kabla ya wiki sita wagonjwa wa korona wakafurika, daktari mwenyewe akaugua, kliniki ikafungwa hata kwa wale wanne. Tangu siku ya geti Chiriku hakula tena kitu kilichopita mikononi mwa mama yake. Alikula mayai ya kuchemsha, yakiwa na maganda, na ndizi alizozimenya mwenyewe. Basi kila asubuhi Mama Dobi aliweka mlangoni mayai matatu na ndizi nne, akagonga mara moja, akaondoka. Kwa miezi minne hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kumlea mwanawe.

Mume alirudi mwezi wa saba tangu vyuo vifungwe. Safari ndefu ya vizuizi, karantini na foleni ilikuwa imemkondesha. Hakuoga wala hakuketi. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa chumba. "Chiriku! Baba kaja. Fungua, niambie habari za mtaa."

Mlango ukafunguka. Mama Dobi, aliyekuwa nyuma, alishangaa kwa wivu kidogo: kwa baba unafunguka. Binti alikuwa amekonda, nywele zimesokotana. Baba akavua barakoa yake haraka, akaitupa chini, akatabasamu apate kutambuliwa.

Chiriku alimsogelea. Akaushika uso wa baba yake kwa mikono miwili, taratibu, akaupapasa mashavu mpaka kwenye taya, kama anatafuta pindo.

"Umevua moja," akasema. "Vua na hii nyingine."

Baba alisimama hivyo, mikono ya mwanawe usoni. Alipoachiwa alitoka nje akaenda kukaa kwenye ngazi ya lori. Dereva yule aliyepita njia ambazo wengine hawathubutu, aliyewahi kulala siku mbili chini ya lori lililopinduka, alilia kwa sauti mbele ya majirani, na hakuna aliyethubutu kumsogelea, maana mwaka ule kusogeleana kulikuwa kosa. "Nilisema hana," alirudia. "Mimi ndiye niliyesema hana."

Kesho yake kazini Mama Dobi alipiga pasi shuka moja mpaka likaanza kunuka. Mzee Mvuke akalichomoa chini ya pasi. "Dada, hili limeshakufa. Liache lipumzike. Una nini?"

Akamwambia yote, kwa mara ya kwanza tangu yaanze. Alitegemea mzee arudi nyuma hatua moja, kama watu wanavyofanya. Mzee alibaki pale pale, akiukunja ukingo wa shuka lililoungua.

"Mdogo wangu wa mwisho alikuwa hivyo," akasema. "Hatukuwa na korona sisi, tulikuwa na aibu tu, ikatosha. Tulimficha miaka mitano. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako, dada. Sikusemi, nakwambia. Rudi kwa yule sista. Ukiambiwa hakuna, rudi kesho. Ukiambiwa kesho hakuna, mimi nitazima boila, tuone watafua na nini."

Hakuhitaji kuzima boila. Sista aliposikia habari ya geti, na habari ya uso wa baba, aliuliza nyumba iko wapi.

Alikuja Jumapili, siku yake ya mapumziko, amevaa gauni la nyumbani. Hakuingia ndani. Alisimama uani karibu na kamba ya nguo, mahali panapoonekana kutoka dirisha la Chiriku, akavua barakoa ambayo kwa amri ya kazi yake hakutakiwa kuivua mbele ya mtu.

"Mwanangu," akasema na ile sauti yake nzito, "hii ndiyo sura yangu. Sina nyingine. Sijaja kukuchukua. Nimekuja tufahamiane." Akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, akamenya chungwa, akala. Baada ya nusu saa akaaga akaondoka.

Jumapili ya pili, kitambaa cha dirishani kilisogea. Ya tatu, Chiriku aliuliza kupitia uwazi ule, "Wewe unawasikia?" na sista akajibu, "Siwasikii. Lakini najua wewe unawasikia, na najua wanachosha." Ya nne alitoka nje, akaketi chini mbele ya ndoo, akainamisha kichwa. "Wananichosha," akasema.

Hapo wakapata njia. Kliniki ilikuwa imefunguliwa tena kwa wachache, kwenye chumba kilichokuwa stoo ya vitanda vibovu, na sista aliwapitisha mlango wa nyuma wa chumba cha dobi, kusiko na mlinzi wala kipimo. Mzee Mvuke alizima mashine zote wapite kwenye utulivu. Daktari, aliyekuwa amepona lakini bado anahema akipanda ngazi, aliongea na Chiriku karibu saa nzima. Kisha akamgeukia mama.

"Ilianza lini?"

Lilikuwa swali dogo, la kujaza fomu. Ilianza siku ya viazi? Ilianza siku ya vitambaa vya dirishani? Au siku ile jirani alipomsifia juu ya ukuta na yeye akaona fahari? Mama Dobi akarudi nyuma kimawazo, akahesabu kwa vidole juu ya paja.

"Miezi saba," akasema.

Daktari akaandika. Mama Dobi akaitazama kalamu mpaka ikasimama. "Daktari, ningemleta ule mwezi wa kwanza, angekuwaje sasa?"

Daktari alifikiri kabla ya kujibu, na kwa hilo alimheshimu daima. "Sijui, mama. Huu ugonjwa ukiwahiwa unatibika kwa urahisi zaidi, hilo siwezi kukuficha. Lakini mwezi ule ungekuta mlango wangu umefungwa kwa kufuli, na funguo sikuwa nazo mimi."

Dawa zilianza siku hiyo. Wiki za kwanza Chiriku alilala kama mtu anayelipiza usingizi wa mwaka mzima. Wiki ya tano alikula wali kwenye sahani moja na mama yake, na mama akalazimika kutoka nje kidogo. Mwezi wa tatu alimwita baba yake Baba, bila kumpapasa uso.

Watu walisema amepona. Mama Dobi hakuwabishia. Kuna vilivyorudi na kuna visivyorudi, na mwenye kujua tofauti ni aliyemzaa. Mikono ilimtetemeka. Mwili ulinenepa kwa dawa, na gauni la chuo halikumwingia tena. Ukimwuliza jambo, jibu lilichukua muda kufika, kama mtu anayelifuata chumba cha mbali, na likifika lilikuwa fupi. Majirani, bila kuambizana, waliacha kumwita Chiriku. Wakawa wanamwita "yule binti."

Vyuo vilipofunguliwa alitaka kurudi. Daktari alishauri asubiri, yeye akasema wenzake watamwacha. Baba alimpeleka mwenyewe. Alikaa siku tisa. Siku ya kumi alirudi peke yake na sanduku, akaliweka sebuleni.

"Mwalimu akianza sentensi," alimweleza mama yake, akitafuta maneno moja moja, "naishika mwanzo. Akifika mwisho, mwanzo umeshaniponyoka. Wenzangu wanaandika. Mimi naangalia tu."

"Utajaribu tena mwakani, mwanangu."

"Mama." Alimwekea mkono begani, yeye ndiye akambembeleza mama. "Usiniongopee. Nilikuwa mwerevu, najua."

Sasa ni mwaka wa tatu tangu aanze dawa. Wenzake wa chuo wanafundisha. Mmoja alikuja kumtembelea, wakakaa sebuleni na soda, mgeni akaongea na mwenyeji akatabasamu, na alipoondoka walikuwa wamebaki na mengi ambayo hakuna aliyeyagusa. Wodi ya sita imerudi kuwa wodi ya sita. Mashuka yenye pindo zilizofumuliwa yameanza kuja tena, na Mama Dobi hayapeleki tena kwa fundi. Huyashona mwenyewe kwa mkono, wakati wa mapumziko. Wakimwuliza kwa nini, husema cherehani ina foleni.

Kila mwezi huenda kliniki na binti yake. Zamani alikuwa anamjibia. Siku hizi binti hujijibia mwenyewe, na maneno yake ni yaleyale: "Nalala. Nakula. Wapo, lakini mbali."

Juzi mume alikuwa anaondoka tena, safari ya wiki mbili. Zile za wiki tatu amezikataa. Lori lilikuwa linanguruma nje ya ua. Akateremsha kioo, akamwita binti yake, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kanga mabegani.

"Nikuletee nini, mwanangu?"

Binti akafikiri. Nyuma ya lori, gari jingine likapiga honi likitaka njia, likapiga tena. Dereva hakugeuka. Aliweka kiwiko dirishani akasubiri, kama mtu mwenye siku nzima.

"Rudi tu, Baba," akasema mwishowe.

"Nitarudi."

Lori likasogea, likakunja kona. Mama Dobi akatazama saa, zamu yake ilikuwa inaanza baada ya nusu saa. Akamletea binti kidonge na glasi ya maji, akasubiri mpaka kimemezwa, akavaa viatu vyake vya kazi, akatoka.